Windows Home au Pro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Majibu haya yanahusu matoleo mawili ya Windows 11, Home na Pro, na ya Windows 10 pale inapobidi. Majina ya kurasa na vitufe tumeyaacha jinsi yanavyoonekana kwenye skrini, ili anayefuata hatua asipotee njiani. Bei za Microsoft ziko kwa dola. Shilingi tumezikadiria kwa kiwango cha karibu 129 kwa dola moja.

Nieleze kwa ufupi: nichukue ipi?

Kompyuta ya nyumbani, ya mwanafunzi, au ya duka lenye mashine moja inayokaa pale pale mezani, Home yaitosha. Programu zinazofanya kazi kwenye Pro ni zile zile zinazofanya kazi kwenye Home: Excel, QuickBooks, programu za kuuzia dukani, iTax na eCitizen kwenye kivinjari, hata zile fomu za Excel za KRA zinazotaka macro ziwashwe.

Pro inaanza kurudisha gharama yake pale unapotaka kuifikia mashine hiyo ukiwa mbali kwa Remote Desktop, au laptopu inapobeba taarifa za watu wengine na kutoka ofisini kila siku, au mashine inapotumiwa na watu usiowajua kama ilivyo saiba, au ofisi inapokuwa na seva ya domeni (kompyuta kuu inayosimamia akaunti na mashine za ofisi nzima) ambayo kila kompyuta lazima ijiunge nayo. Usipojiona katika hayo, pesa za Pro zipeleke kwenye SSD na RAM. Mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka itabaki nzito hata ukiiwekea toleo la juu kabisa.

Basi Pro haina kasi zaidi?

Haina. Kiini cha mfumo ni kimoja. Home inakubali RAM hadi GB 128 na Pro hadi TB 2. Home inatumia prosesa moja kwenye madabodi na Pro mbili. Laptopu yako haikaribii mipaka hiyo.

Nitajuaje nina toleo gani, na leseni ni ya aina gani?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, bonyeza Enter. Toleo litaandikwa hapo. Kisha nenda Settings > System > Activation uone kama imeandikwa Active.

Kujua aina ya leseni, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `slmgr /dli`. Kwenye maelezo yatakayotokea tafuta mojawapo ya maneno haya:

- OEM: leseni imekuja na mashine na imefungwa kwenye madabodi yake. Madabodi ikifa, leseni imekwenda nayo.
- RETAIL: leseni yako mwenyewe. Waweza kuiondoa kwenye mashine moja na kuihamishia nyingine.
- VOLUME: leseni ya taasisi kubwa. Kama hukupewa mashine na mwajiri au chuo, hapa kuna tatizo.

Andika pia `slmgr /xpr`. Ikijibu kwamba imewashwa kwa kudumu, vizuri. Ikikupa tarehe ya mwisho, mara nyingi ndani ya siku 180, basi Windows hiyo imewashwa kwa mfumo wa KMS, ambao ni wa mashirika yenye seva yao wenyewe. Laptopu iliyonunuliwa dukani haina sababu ya kuwa na KMS, ila aliyeiandaa awe ametumia kiwashio cha bandia.

Nanunua laptopu ya mtumba kutoka Uingereza. Muuzaji asema ina Pro halali. Nitahakikishaje kabla ya kulipa?

Mara nyingi muuzaji husema kweli. EliteBook, Latitude na ThinkPad ni mashine za maofisi, na nyingi zilitoka kiwandani na ufunguo wa Pro ndani ya BIOS (programu ya msingi ya madabodi, inayoamka kabla ya Windows). Lakini kuna mitego, na yote hukaguliwa pale pale dukani.

Kwanza, fungua PowerShell kama msimamizi na uandike:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ukitokea ufunguo wa herufi na tarakimu 25, mashine ilizaliwa na leseni. Amri hiyo haikuambii ufunguo ni wa toleo gani. Hilo utalijua ukilinganisha na Activation. Mstari ukiwa mtupu, usikimbilie kusema ni bandia: huenda leseni iko ya kidijitali kwenye seva za Microsoft, au mashine ni ya zamani. Hapo ndipo `slmgr /dli` inakuwa shahidi wako.

Pili, na hili ndilo linaloumiza watu zaidi: kampuni iliyoitumia mwanzo huenda haikuiondoa kwenye usajili wake wa Autopilot, huduma ya Microsoft ambayo kampuni huandalia na kusimamia kompyuta zake. Mashine itafanya kazi vizuri hadi siku utakapoifomati. Ukiiunganisha na Wi-Fi wakati wa kuiandaa upya, itatoa jina la kampuni ya ng'ambo na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazi ambayo huna. Fundi anaweza kuikwepa kwa kuiandaa bila intaneti, lakini ukiifomati tena yarudi yale yale. Anayeweza kuiondoa ni kampuni ile au Microsoft, wala si fundi wa Moi Avenue. Kwa hiyo mwambie muuzaji aianzishe upya mbele yako: Settings > System > Recovery > Reset this PC, kisha Remove everything, na wakati wa kuiandaa iunganishwe na intaneti kutoka kwenye simu yako. Ikikuuliza lugha, nchi, kisha akaunti ya kawaida, iko huru.

Tatu, ingia BIOS, kwa F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell, F1 kwenye ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Hutaweza kuwasha Secure Boot (kinga inayozuia programu ngeni kuamka kabla ya Windows) wala kubadilisha chochote.

Mwisho tazama prosesa. Tarakimu inayofuata baada ya i5- au i7- ndiyo kizazi, na kuanzia kizazi cha kumi husomwa tarakimu mbili: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama inayotunza funguo. EliteBook 840 G3 haikubaliki. G5 nyingi zinakubalika, ila soma prosesa, usiamini jina la mashine peke yake.

Sheria inaniruhusu kutumia Home kwenye biashara?

Ndiyo. Masharti ya leseni ya Windows Home hayakatazi biashara. Watu huichanganya na Office Home & Student, ambayo ndiyo iliyokatazwa kwa shughuli za kibiashara.

Home ina ulinzi wa diski, au lazima ninunue Pro nipate BitLocker?

Home ina usimbaji wa diski (kuzifumba faili zisisomeke bila ufunguo) uitwao Device encryption, na unatumia teknolojia ile ile ya BitLocker. Utaupata Settings > Privacy & security > Device encryption. Kama ukurasa huo haupo, tafuta System Information, ifungue kama msimamizi, teremka chini kabisa kwenye mstari wa Device Encryption Support. Utakuambia kinachokosekana, mara nyingi ni TPM au Secure Boot iliyozimwa BIOS. Kuanzia Windows 11 24H2 (toleo la nusu ya pili ya mwaka 2024), mashine iliyowekewa Windows upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft hujisimba yenyewe. Wengi hawajui, na jambo hilo tunalirudia kwenye swali linalofuata.

Pro inakupa usukani. Wachagua diski ipi isimbwe, waweka PIN inayoulizwa kabla Windows haijaamka, na wasimba flashi na diski za nje. Home inaweza kuifungua flashi iliyosimbwa ukiwa na nywila yake, lakini haiwezi kuisimba.

Kwa wakala wa forodha pale Kilindini, kliniki, hoteli inayohifadhi nakala za pasipoti, au wakili, hili si jambo la anasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka uvujaji wa taarifa unaoweza kumdhuru mtu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Laptopu iliyoachwa kwenye matatu ya Mtwapa ikiwa wazi, faili zake zote zinasomeka kwa kung'oa diski tu, nywila ya Windows haizuii kitu. Ikiwa imesimbwa, aliyeiokota ameokota chuma. Sheria hiyo hiyo inazingatia usimbaji inapoamua kama lazima uwaarifu wenye taarifa mmoja mmoja. Laptopu zinazobeba kazi ya namna hii tungeziwekea Pro bila kusita.

Asiye na pesa ya Pro na mashine yake haina Device encryption anaweza kutumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Inataka uangalifu zaidi, lakini kazi inafanya.

Asubuhi nimewasha kompyuta, skrini ya buluu inaniomba tarakimu 48. Sijawahi kuweka BitLocker. Nifanye nini?

Usifomati bado. Hiyo ni Device encryption iliyojiwasha, na sasa TPM imeona kitu kimebadilika: BIOS imesasishwa, Secure Boot imezimwa, madabodi imebadilishwa, au fundi ameigusa mipangilio.

1. Andika pembeni herufi za mwanzo za Key ID zilizo kwenye skrini.
2. Kwa simu, fungua `aka.ms/myrecoverykey` na uingie kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine. Kama aliyeiandaa ni muuzaji au mtoto, ni akaunti yake yenye ufunguo.
3. Linganisha Key ID, kisha ingiza tarakimu 48 za ufunguo unaolingana.
4. Kama fundi alibadilisha kitu BIOS, kukirudisha kama kilivyokuwa kunaweza kuiamsha mashine bila ufunguo.

Ufunguo usipopatikana popote, faili zimekwenda. Hakuna fundi mwenye mlango wa nyuma, na anayekuambia anao anataka amana yako.

Kwa hiyo leo, mashine ikiwa bado inafunguka, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `manage-bde -status`. Ukikuta imesimbwa, andika `manage-bde -protectors -get C:`, chapisha zile tarakimu, ziweke pamoja na hati nyingine za biashara, si ndani ya mkoba wa laptopu yenyewe. Na kabla ya kusasisha BIOS: `manage-bde -protectors -disable C:`. Ulinzi husimama kwa muda na kurudi wenyewe Windows ikishaamka tena. Amri hizi zinafanya kazi hata kwenye Home.

Naishi Mtwapa, ofisi iko mjini. Nataka kuifungua kompyuta ya ofisi nikiwa nyumbani. Lazima Pro?

Kwa Remote Desktop ya Windows yenyewe, Pro inahitajika kwenye mashine inayofikiwa tu. Ile unayokaa mbele yake nyumbani yaweza kuwa Home, Mac au simu. Watu hununua Pro mbili hapa, na moja yatosha.

Kwenye mashine ya ofisi: Settings > System > Remote Desktop, washa. Kisha kuna mambo manne yanayokwamisha karibu kila mtu:

- Akaunti isiyo na nywila hukataliwa. PIN haikubaliki pia. Ni nywila kamili ya akaunti. Kama umekuwa ukiingia kwa PIN tu tangu mwanzo, toka uingie mara moja kwa nywila ukiwa ofisini, mashine iijue.
- Mashine ikilala haifikiki. Settings > System > Power, weka Never kwenye kulala inapokuwa kwenye umeme.
- Stima ikipotea na kurudi, kompyuta ya mezani hubaki imezimika. Ndani ya BIOS tafuta mpangilio wa kinachofuata baada ya umeme kurudi, uweke iwake yenyewe. Kama BitLocker inatumia TPM bila PIN, itaamka hadi kwenye skrini ya kuingilia bila mtu kuigusa. Ukiwa umeweka PIN ya kuanzia, itasimama hapo ikikungoja.
- Njia ya kuingilia. Usifungue mlango wa 3389, unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta kuelekea intaneti. Roboti za wezi zinazunguka anwani zote duniani kutwa kucha zikijaribu nywila kwenye mlango huo, na ndiyo njia kongwe ya kuingizia virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Tumia VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa kati ya vifaa vyako: Tailscale, au WireGuard kama ruta yako inaikubali. VPN inakuondolea pia tatizo la mitandao mingi ya nyumbani na ya simu kutokukupa anwani ya IP ya umma ya peke yako.

Ukiwa na Home, Chrome Remote Desktop ni ya bure na inakidhi haja ya watu wengi. AnyDesk na TeamViewer ni za bure kwa matumizi binafsi tu, na huwafungia wanaozitumia kibiashara. Quick Assist iliyomo ndani ya Windows inafaa kumsaidia mama aliye Malindi, si kufungulia ofisi, kwa sababu lazima kuwe na mtu upande wa pili wa kukubali.

Kwa Pro moja, wafanyakazi watatu wanaweza kuingia kwa pamoja kutoka mbali?

Hapana. Ni mtu mmoja kwa wakati, na anapoingia, aliyekaa mbele ya mashine skrini yake inafungwa. Programu zinazovunja kikomo hicho zinavunja leseni, na kila sasisho kubwa huzikatakata. Kama ni hitaji la kweli, ni Windows Server pamoja na leseni zake za watumiaji.

Ofisi yetu ina kompyuta sita na mashine ya fotokopi. Tunashirikishana faili tu. Zote ziwe Pro?

Hapana, na hapa ndipo maofisi madogo yanapopoteza pesa. Folda ya pamoja na printa ya pamoja vipo kwenye Home. Matoleo yote mawili yana kikomo kimoja: vifaa 20 vinavyounganika kwa wakati mmoja. Kompyuta sita kuzipandisha zote kwa dola 99 kila moja ni karibu shilingi 77,000. Pandisha ile inayohifadhi faili, kama mwataka kuifikia kutoka mbali, na laptopu zinazotoka nje. Zilizobaki ziache, na salio linunue UPS na diski mbili za nje za nakala za akiba.

Ikiwa kuna seva yenye Active Directory (mfumo wa Microsoft wa domeni), au mnatumia Entra ID (huduma yake ya mtandaoni ya akaunti za kazi) kuwasimamia wafanyakazi, hapo hakuna mjadala. Home haijiungi na domeni.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakutajia. Kuanzia 24H2, Pro ni kali kuliko Home kwenye mtandao wa ofisi: inadai mawasiliano ya SMB (njia ambayo Windows hushirikisha faili kwenye mtandao) yatiwe sahihi ya kidijitali, na inakataa kuingia kama mgeni asiye na nywila. Matokeo yake, fotokopi iliyokuwa ikiskani hadi kwenye folda ya kompyuta huacha ghafla, na diski iliyochomekwa kwenye ruta haifunguki tena, wakati kompyuta ya jirani yenye Home inaendelea kama kawaida. Watu hulaumu waya.

Tatuo, kwa mpangilio huu: sasisha programu ya ndani ya fotokopi, kisha tengeneza kwenye kompyuta akaunti ya kawaida, kwa mfano `skana`, yenye nywila, na uipe haki ya kuandika kwenye folda hiyo peke yake, weka jina na nywila hiyo kwenye kitabu cha anwani cha fotokopi. Ikiwa bado yakataa, fungua PowerShell kama msimamizi:

`Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false`

Amri hii inapunguza ulinzi, kwa hiyo iwe ya mwisho, na kwenye mashine inayopokea skani tu. Fotokopi kuukuu inayojua SMB1, toleo la kwanza lisilo salama, peke yake usiifungulie SMB1. Ielekeze iskani kwenda barua pepe.

Nina saiba. Wateja wanabadilisha mipangilio na kuniachia virusi vya flashi. Home au Pro?

Pro, na kwa saiba inajilipa upesi, kwa sababu ya Group Policy, sehemu ya kuweka sheria za nini mtumiaji anaruhusiwa kufanya. Lakini anza na jambo lisilogharimu kitu: mteja asikae kwenye akaunti ya msimamizi. Tengeneza akaunti ya Standard User. Hilo pekee, hata kwenye Home, linapunguza sehemu kubwa ya balaa.

Ukiwa na Pro, usiandike sheria kwenye `gpedit.msc` moja kwa moja upande wa mtumiaji, maana zitakufunga na wewe mwenye duka. Fungua `mmc`, chagua File > Add/Remove Snap-in > Group Policy Object Editor, bonyeza Browse, nenda Users, chagua Non-Administrators. Sheria utakazoweka hapo zitawagusa wateja tu. Zuia Control Panel na Settings, zuia kubadilisha picha ya skrini.

Kuhusu flashi: huwezi kuzifunga kabisa, kwani mteja amekuja kuchapisha barua iliyo ndani yake. Kwenye `gpedit.msc`, nenda Computer Configuration > Administrative Templates > System > Removable Storage Access, uwashe "Removable Disks: Deny execute access". Faili itafunguka na kuchapishwa, programu iliyojificha humo haitaendeshwa. Ukihitaji kuendesha kitu kutoka flashi yako, kinakili kwanza kwenye diski.

Masasisho yanamaliza bando langu. Pro itanisaidia?

Kidogo tu. Matoleo yote mawili yanaweza kusitisha masasisho hadi wiki tano, na yote yana Metered connection, ambayo ndiyo dawa ya anayetumia hotspot ya simu: Settings > Network & internet > Wi-Fi, fungua mtandao uliounganishwa, washa. Windows itaacha kupakua mizigo mikubwa bila ruhusa yako.

Ofisi yenye mashine kadhaa iwashe Settings > Windows Update > Advanced options > Delivery Optimization, ichague vifaa vya mtandao wa ndani. Mashine moja hupakua, nyingine huchukua kwake.

Pro inazidi kwa kuahirisha: matoleo makubwa ya mwaka hadi siku 365 na marekebisho ya usalama hadi siku 30. Usiyacheleweshe ya usalama. Yale makubwa, ndiyo, yangoje mwezi mmoja au miwili kama mashine inaendesha programu ya kuuzia dukani.

Nimeona ufunguo wa Pro unauzwa shilingi 1,500 mtandaoni. Ni halali?

Bei rasmi ya Marekani ni dola 139 kwa Home na 199.99 kwa Pro kamili. Kupanda kutoka Home kupitia Microsoft Store ni dola 99. Ufunguo wa shilingi 1,500 kwa kawaida umetoka kwenye leseni ya taasisi, umeuzwa kwa watu wengi, au umeng'olewa kwenye mashine iliyotupwa. Huenda ukawaka leo na kufungwa baadaye, na ukaguzi ukija huna risiti ya kuonyesha.

Mbaya zaidi ni programu za kuwashia bure. Ili ifanye kazi, inakuagiza kwanza uzime antivirusi. Kuanzia hapo hujui kilichoingia, na kompyuta hiyo ndiyo unayoingilia benki na iTax. Kama pesa haipo, Home halali iliyokuja na mashine ni salama kuliko Pro ya wizi.

Napandishaje Home kuwa Pro bila kupoteza faili?

Faili na programu zinabaki. Vipengele vya Pro vimo tayari ndani ya diski, leseni inavifungua tu, kwa hiyo huchukua dakika chache na kuwasha upya.

1. Fanya nakala za akiba hata hivyo, na chomeka UPS au hakikisha betri imejaa. Stima ikikatika katikati, ukarabati utakula siku nzima.
2. Maliza masasisho yanayosubiri.
3. Settings > System > Activation > Upgrade your edition of Windows. Nunua kupitia Store, au chagua Change product key kama una ufunguo.
4. Baada ya kuwaka upya, hakikisha kwa `winver` na Activation.
5. Unganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft, ikufae siku madabodi ikibadilishwa, kama leseni si OEM.

Makosa yanayotokea sana: `0xC004F050` maana yake ufunguo umeandikwa vibaya au si wa toleo hilo. `0xC004C003`, ufunguo umezuiwa na Microsoft. Rudi kwa aliyekuuzia. `0xC004F074`, mashine inatafuta seva ya KMS isiyokuwepo, yaani ulipewa ufunguo wa taasisi.

Nikishapanda Pro naweza kurudi Home?

Bila kufomati, hapana.

Nilinunua Pro, lakini kila nikifomati Windows inajiweka Home bila kuniuliza.

Kisakinishi kinasoma ufunguo wa Home uliomo BIOS na kuufuata. Acha kimalize, kisha ingiza ufunguo wako wa Pro kupitia Change product key. Ikiwa leseni ya Pro ilishawahi kuwaka kwenye mashine hiyo na imeunganishwa na akaunti yako, ingia kwa akaunti hiyo na utumie Troubleshoot kwenye ukurasa wa Activation. Kwa kufomati utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi.

Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta pale TUM. Masomo yanataka Pro?

Mara chache. WSL 2, inayokupa Linux ndani ya Windows, inafanya kazi kwenye Home: `wsl --install`, washa upya, umemaliza. Docker Desktop hukaa juu yake. VirtualBox ni ya bure kwa mashine pepe. Kinachokosekana ni Hyper-V Manager na Windows Sandbox. Ukisoma usimamizi wa mitandao ya Windows utavihitaji, pamoja na kujiunga na domeni. Uliza kwanza idara yako, kwani vyuo vingi huwa na mpango wa leseni za Education kwa wanafunzi.

Mashine yangu haikubali Windows 11. Windows 10 Pro itaishi zaidi ya Windows 10 Home?

Hapana. Zote mbili zilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na kulipia Pro kwenye mashine hiyo ni kutupa pesa. Kwa mtu binafsi mwenye toleo la 22H2, Home au Pro, Microsoft inatoa masasisho ya ziada ya usalama hadi 13 Oktoba 2026: bure ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa pointi 1,000 za Rewards, au dola 30. Leseni moja inahudumia hadi vifaa 10 vya akaunti hiyo. Mlango wake uko Settings > Update & Security > Windows Update, kwenye kiungo cha Enroll now; kisipoonekana, maliza kwanza masasisho yote yaliyopo. Mashine iliyo kwenye domeni haimo kwenye mpango huo, inafuata ule wa mashirika unaoanza dola 61 kwa kifaa mwaka wa kwanza na kuongezeka maradufu kila mwaka. Kwa kiasi hicho, ofisi yenye mashine za kizazi cha sita ianze kupanga bajeti ya kuzibadilisha, na kwa sasa kompyuta ya kuandikia tu inaweza kuwekewa Ubuntu.